Uchambuzi wa kisa: suruali ya mvua iliyodaiwa kuvuja

Kwa nini kisa hiki

Katika safari ya siku tano mlimani, mshiriki mmoja aligeuzwa kabla ya kufika kileleni. Alikuwa anatetemeka, soksi zimelowa, na pindo la suruali yake ya mvua limechanika hadi katikati ya shavu la mguu. Hakuna aliyeumia. Kabla hata hawajafika kambini, kundi zima lilikuwa limeshapata jibu: suruali ilivuja. Nyepesi mno, kitambaa cha kuonea huruma, mtu angetegemea nini? Maelezo hayo yaliaminika upesi, na hayakuwa kweli.

Nimeondoa majina, mlima, mwaka na chapa za nguo. Mhusika mkuu nitamwita Bi. M., na mwenzake Bwana K. Mimi niliingia baadaye, nilipoombwa kukaa nao pamoja na kiongozi wao ili tupitie yaliyotokea, nguo zenyewe zikiwa mezani. Wote watatu wameridhia kisa kiandikwe.

Safari na waliosafiri

Njia ilianzia msituni, ikapanda kwenye nyanda za nyasi na vichaka, ikapita eneo la mawe na changarawe, ikaishia kwenye mteremko wa theluji ngumu chini ya kilele. Kila mtu alibeba mzigo wake. Kiongozi alikuwa ameweka kikomo cha uzito wa shanta, na Bi. M. anasema kikomo hicho ndicho kilichoyatawala maandalizi yake: alipima kila kitu kwenye mizani, akakata mpini wa mswaki, akabandua lebo za nguo kwa mkasi. (Mpini wa mswaki sina ugomvi nao. Lebo ya suruali ya mvua ni habari nyingine, tutaifikia.)

Wote wawili walikuwa wazoefu wa milima ya chini. Bwana K. alishawahi kutembea na kramponi, yaani yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti ili zishike barafu. Bi. M. alikuwa hajawahi, ila alifundishwa kwa nusu siku kabla ya safari. Mafunzo hayo aliyafanya akiwa amevaa taitsi, yaani suruali nyembamba ya kubana. Suruali ya mvua ilikuwa nyumbani.

Suruali tatu alizokuwa nazo mbele yake

Ya kwanza ilikuwa na gramu 160. Kitambaa cha nje cha nailoni ya denia 15, ndani yake utando usiopitisha maji, na juu ya utando huo, badala ya kitambaa cha ndani, kulikuwa na chapa nyembamba tu ya kuukinga usikwaruzwe. Aina hii watengenezaji huiita ya tabaka mbili na nusu. Mguuni ilikuwa na zipu fupi, ya urefu wa kiganja hivi. Lebo yake iliandikwa milimita 15,000.

Ya pili ilikuwa na gramu 310, ya tabaka tatu kamili, kitambaa cha nje cha denia 40. Zipu yake ilianzia kwenye pindo ikapanda hadi katikati ya paja, na ilikuwa na vichwa viwili, kwa hiyo mtu aliweza kuifungua kutoka chini au kutoka juu. Upande wa ndani wa mapindo, pale mguu mmoja unaposugua mwingine, palikuwa pameshonewa kiraka kigumu. Milimita 20,000. Bwana K. alikuwa na suruali ya aina hii.

Ya tatu aliazimwa na ndugu yake: denia 70, gramu 540, zipu kutoka chini hadi kiunoni pande zote mbili. Unaweza kuifungua yote ukaipachika mwilini bila kuinua mguu. Ni suruali ya mtu wa barafu, na Bi. M. aliiondoa kwenye hesabu mara tu alipoiweka kwenye mizani.

Namba hizi zinahitaji maneno mawili, maana dukani zinatajwa sana na kuelezwa kidogo. Denia ni uzito wa uzi, kwa gramu, ukiwa na urefu wa mita 9,000. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba, na kitambaa huwa chepesi lakini chepesi pia kuchanika. Milimita ni kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuibeba kabla maji hayajapenya. Katika kipimo cha kimataifa cha ISO 811, kitambaa hubanwa juu ya maji, msukumo ukaongezwa taratibu hadi matone yatokeze sehemu tatu.

Mvua yenyewe haisukumi kwa nguvu kubwa. Kinachosukuma ni mwili. Chukua mtu ambaye yeye na shanta lake wana kilo 90, apige goti moja kwenye nyasi zilizolowa, nusu ya uzito huo iangukie kwenye eneo la goti la sentimita 50 za mraba. Hapo msukumo unakaribia paskali 90,000, sawa na safu ya maji ya milimita 9,000 hivi. Ndiyo maana suruali ya milimita 3,000 inaweza kuwa kavu mtu akitembea na ikamlowesha akikaa. Na ndiyo maana, kwa safari hii, tofauti ya 15,000 na 20,000 haikuwa na uzito wowote. Zote mbili zilitosha kwa goti na kwa makalio.

Uamuzi na sababu zake

Bi. M. alichagua ya gramu 160. Hoja zake zilikuwa tatu, na nazitaja kwa haki kwa sababu si za kijinga. Utabiri ulionyesha hali kavu kwa siku nyingi za safari, na suruali ya mvua kwa kawaida hukaa begini kuliko inavyokaa mwilini. Milimita zilitosha. Na akiokoa gramu 150 hapa, na nyingine pale, angeingia ndani ya kikomo bila kuacha koti la joto.

Katika mkumbo huohuo aliacha gaita, vile vifuniko vya turubai vinavyozunguka buti hadi chini ya goti. Aliamini suruali itafanya kazi hiyo.

Dukani aliijaribu akiwa peku. Ikaingia mara moja. Bwana K. alimuuliza, "Na ukiwa na buti je?" Akajibu kwamba mvua ikija atazivua, ni dakika moja tu.

Wiki ya kuondoka aliifua, kwa kuwa alishaivaa katika matembezi kadhaa na ilikuwa na matope. Alitumia sabuni ya unga na dawa ya kulainisha nguo, kama anavyofua kila kitu. Maelekezo ya kufua yalikuwa kwenye lebo aliyoikata.

Yaliyotokea, kwa mfululizo

Siku ya kwanza haina la kusimulia.

Siku ya pili asubuhi walipita kwenye nyasi ndefu zenye umande. Hakuna aliyevaa suruali ya mvua. Taitsi zililowa hadi mapajani, na kufikia adhuhuri zilikuwa zimekauka zenyewe kwa upepo na joto la mwili. Kiongozi anaamini asubuhi hiyo ndiyo iliyoharibu siku iliyofuata, nami nakubaliana naye: iliwafundisha kwamba kulowa miguu ni jambo linalopita.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, walikuwa kwenye uwanda wa wazi usio na jiwe la kujikinga. Manyunyu yakaanza. Kiongozi akasema, "Jamani, vaeni sasa." Bwana K. alishusha shanta, akafungua zipu za suruali yake hadi juu, akapitisha buti moja baada ya nyingine akiwa amesimama, akafunga. Bi. M. alitoa yake, akaangalia uwazi wa mguuni, akaangalia buti zake zilizojaa matope. Ili aivae ingebidi akae chini, afungue kamba za buti zote mbili, avue, avae, afunge tena. Chini palikuwa matope matupu. "Hii si mvua ya maana, kaka," alimwambia kiongozi, akairudisha begini.

Kiongozi hakubishana. Kundi lilikuwa linapata baridi kwa kusimama, akaona bora watembee.

Robo tatu ya saa baadaye mvua ya maana ilikuja, na upepo. Sasa Bi. M. hakuwa na la kuchagua. Alikaa juu ya shanta lake, akavua buti, soksi zikagusa tope, suruali ikagoma kupita kwenye taitsi zilizolowa na kung'ang'ania ngozi. Alipomaliza, buti zilikuwa zimeshanyeshewa kwa ndani. Alifika kambini saa kumi akiwa amelowa kila mahali kuanzia kiunoni kushuka, na hapo ndipo aliposema kwa mara ya kwanza: hii suruali inavuja.

Usiku ule buti hazikukauka. Alilala na soksi kavu, akaweka zilizolowa kifuani ndani ya mfuko wa kulalia. Hilo lilikuwa wazo zuri na soksi zilifikia unyevunyevu tu.

Siku ya nne waliondoka saa nane usiku kuelekea kileleni. Kiongozi aliagiza wote wavae suruali za mvua tangu kambini kwa ajili ya upepo. Bi. M. alivaa taitsi kavu, suruali juu yake, buti mbichi. Njia ya changarawe ilipanda kwa ukali. Ndani ya saa moja alikuwa anatoka jasho mapajani na nyuma ya magoti, na hakuwa na pa kufungua. Bwana K. alishusha kichwa cha juu cha zipu yake kila upande, hewa ikaingia, akaendelea.

Walipofika kwenye theluji walisimama karibu nusu saa kufunga kramponi na kamba. Huku ndiko baridi ilikomshika. Nguo za ndani zilikuwa na jasho, buti zilikuwa na maji, na upepo haukuwa na huruma. Alianza kutetemeka, kisha vidole vya miguu vikafa ganzi.

Walitembea hata hivyo. Juu kidogo ya mwanzo wa mteremko, jino la mbele la kramponi ya kulia lilinasa kwenye pindo la mguu wa kushoto, ambalo lilikuwa pana na linapepea. Akayumba. Kiongozi alikuwa ameikaza kamba na hakuanguka, lakini kitambaa kilifunguka kwa mlio ambao wote watatu wanaukumbuka. Kiongozi alifunga kipande kilichokuwa kinaning'inia kwa utepe wa kunata, akamuuliza maswali mawili matatu, akasikia majibu yanachelewa. Akageuka naye. Bwana K. aliendelea na kiongozi msaidizi na kufika kileleni.

Matokeo

Bi. M. alipata joto hemani ndani ya saa chache, kwa nguo kavu na vinywaji vya moto. Vidole vilirudi na hisia bila madhara. Siku ya tano walishuka. Suruali yake ilikuwa na mpasuko wa sentimita 22. Ya Bwana K. ilikuwa nzima, ila zipu moja ilikuwa inakwama, na paja la upande huo lilikuwa limelowa chini ya zipu. Hilo nalo halikutajwa na mtu hadi tulipoiweka mezani.

Tulichokiona mezani

Tuliziweka suruali mbili sambamba, tukadondosha maji kwa vidole. Kwenye ya Bwana K. matone yalisimama kama shanga na kuporomoka tulipoinua kitambaa. Kwenye ya Bi. M. yalitandaa. Kila tone liligeuka doa jeusi lililopanuka taratibu, hasa mapajani na makalioni.

Hapo mtu husema, naam, inavuja. Tukafanya jaribio la pili. Tuligeuza mguu wa suruali nje ndani, ili maji yasukume kutoka upande uleule mvua inakopigia, tukafunga pindo kwa mpira na kumimina maji hadi usawa wa goti, tukauning'iniza. Baada ya nusu saa kitambaa kilikuwa kikavu kwa upande wa pili. Mshono wa juu ya zipu fupi tu ulitoa unyevu, tone moja la uvivu. Tukakandamiza sehemu ya goti kwa kiganja kwa nguvu zote: kavu. Utando ulikuwa mzima.

Kilichokufa ni kitu kingine. Juu ya kitambaa cha nje kiwandani hupakwa dawa inayofanya maji yajikunje na kuteleza. Dawa hii huchakaa kwa msuguano wa shanta na mawe, hufunikwa na uchafu na mafuta ya mwili, na huuawa vizuri kabisa na mabaki ya sabuni ya kawaida na ya kilainishi. Ikishakufa, kitambaa cha nje hunywa maji na kuwa kizito na baridi, ingawa utando chini yake haupitishi tone. Mvuke wa jasho nao hukosa njia, kwa sababu mvuke huhama kutoka penye unyevu mwingi kwenda penye unyevu mdogo, na nje sasa kuna ukuta wa maji. Mvuke huo unageuka tena kuwa maji kwa ndani. Mvaaji anahisi ubaridi na umajimaji, anapapasa, anakuta kweli maji. Anasema imevuja.

Mpasuko ulikuwa na umbo la kuzungumza: tobo dogo la duara ndani ya pindo, kisha mstari ulionyooka kwenda juu. Jino moja, hatua moja. Pindo halikuwa na kamba wala kibano cha kulikaza.

Uchambuzi

Nikiulizwa ni wapi safari hii iliharibika, sitaelekeza kidole kwenye theluji. Iliharibika saa nne asubuhi ya siku ya tatu, kwenye zile sekunde ambazo Bi. M. alitazama uwazi wa suruali na kutazama buti zake. Mtu yeyote aliyechoka, anayetakiwa kukaa kwenye tope na kuvua buti kwa ajili ya manyunyu, atasema bado. Mimi ningesema bado. Uchaguzi wa suruali ulishafanya uamuzi huo kwa niaba yake wiki mbili kabla, dukani, akiwa peku.

Kuchelewa huko kuna gharama inayopimika. Suruali ya mvua ikivaliwa juu ya nguo zilizokwisha kulowa, kazi yake inageuka: inayafungia maji ndani. Yatatoka kwa njia moja tu, kugeuka mvuke, na joto la kuyageuza linatoka mwilini. Tulilowesha taitsi na soksi zile zile, tukazikamua kidogo, tukazipima: zilikuwa zimebeba zaidi ya gramu 250 za maji. Kuyakausha kwa joto la mwili kunadai nishati ya karibu kilojuli 600. Bi. M. alikuwa ameokoa gramu 150 kwenye mizani ya nyumbani, akazibeba gramu 250 za maji mlimani na kulazimika kuyachemsha kwa miguu yake.

Na gharama haikuishia siku ile. Buti zililowa kwa sababu zilivuliwa mvuani, na buti zilizolowa katika kambi yenye baridi kali hazina muda wa kukauka. Kwa hiyo baridi ya vidole siku ya nne ilianzia kwenye zipu ya siku ya tatu. Kundi liliangalia siku ya nne peke yake, ndiyo maana lilikosa sababu.

Jasho ni sehemu ya pili. Watengenezaji hutangaza kupumua kwa kitambaa kwa gramu za mvuke kwa mita ya mraba kwa saa 24, na namba hizo hupimwa maabara, chini ya masharti ambayo hayafanani kutoka kampuni moja hadi nyingine. Siziamini sana kulinganishia. Mtu anayepanda mwinuko mkali na mzigo hutoa jasho kuliko utando wowote unavyoweza kulipitisha, hata ule wa bei ya kutisha. Kinachomwokoa ni tundu: zipu inayofunguka pajani. Zipu fupi ya mguuni haipumui chochote. Hapa suruali ya gramu 310 ilishinda, na kitambaa chake hakikuwa na mchango mkubwa katika ushindi huo.

Lakini zipu ndefu si zawadi tupu. Ya Bwana K. ilikuwa imeingia mchanga wa changarawe kwenye meno, ikakwama wazi kidogo, maji yakapita. Zipu nyingi zinazoitwa za kuzuia maji huzuia kwa kiasi tu. Zinategemea ulimi wa kitambaa nyuma yake kuyachepusha. Zinaongeza uzito na kukakamaza mguu. Na unapoivaa suruali ya aina hii kwenye upepo, miguu yake inapepea ovyo hadi utakapoifunga, Bwana K. aliitaja shida hiyo huku akicheka, ila kwenye mteremko wa theluji isingechekesha.

Kuhusu pindo, sitalaumu denia 15 peke yake. Denia 40 nayo huchanika kwa jino la kramponi, ingawa huchukua muda kidogo na kiraka cha ndani husaidia. Kosa kubwa zaidi lilikuwa upana. Pindo linalopepea karibu na chuma chenye ncha ni mtego, na ambaye hana gaita hana cha kulibana. Gaita alizoacha Bi. M. zingeokoa pindo, na zingezuia pia theluji isiingie kwenye buti. Nikilazimishwa kuchagua kati ya suruali nzito bila gaita na suruali nyepesi yenye gaita kwa mteremko kama ule, nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Jambo moja halikutokea na linastahili kutajwa. Nailoni iliyolowa juu ya theluji ngumu ina msuguano mdogo sana. Mtu akianguka akiwa na suruali ya mvua anaanza kuteleza kwa kasi ambayo mazoezi ya kujizuia kwa shoka la barafu, aliyoyafanya Bi. M. akiwa na taitsi, hayakumwandaa nayo. Kamba ya kiongozi ilikuwa imekazwa, basi. Mafunzo ya Bi. M. yangefanywa na suruali yenyewe, pindo pana lingejulikana siku hiyo hiyo, uwanjani, mchana.

Yapo yaliyofanywa vizuri. Kuvaa tangu kambini siku ya nne kulimwondolea kila mtu hatari ya kusimama mguu mmoja akiwa na kramponi. Kuzikausha soksi kifuani kulisaidia. Kugeuka kulifanyika mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea mwenyewe, na kiongozi aliamua kwa kusikiliza kasi ya majibu yake bila kungoja akiri kwamba anaumwa. Watu wenye baridi hukiri wakiwa wamechelewa.

Kiongozi mwenyewe amebadilisha jambo moja. Siku hizi hasubiri mvua. Mahali pa mwisho penye kinga kabla ya eneo la wazi, wingu likiwa zito, kundi zima linasimama na kuvaa kwa pamoja. Anasema manung'uniko ni mengi, hasa jua likirudi.

Kama ningechagua suruali kwa ajili ya njia ile ile

Swali la kwanza ningeliuliza miguuni, kabla ya kitambaa na milimita. Ningeenda dukani na buti nitakazozivaa, kubwa na zenye soli nene, nikavae suruali nikiwa nimesimama bila kuegemea kitu. Ikigoma, ningeirudisha kwenye ndoana hata ingekuwa na uzito wa leso. Zipu inayofika gotini mara nyingi inatosha kwa buti. Inayofika pajani inaongeza hewa. Inayofika kiunoni ningeitafuta tu kama najua nitalazimika kuivaa au kuivua nikiwa na kramponi au hanesi, yaani mikanda ya mwilini inayofungiwa kamba.

Kisha ningeinua goti hadi kifuani, nikachuchumaa, na nguo zangu za ndani zikiwa mwilini. Suruali inayokaza makalioni itavuta pindo juu ya buti kila hatua, na kiuno kitashuka chini ya mkanda wa shanta. Ningeangalia kama kiunoni kuna kamba ya kukaza, kwa sababu lastiki peke yake hushindwa suruali ikilowa na kuwa nzito, na fundo kubwa la mbele huuma chini ya mkanda. Kwa pindo ningetaka kibano.

Kwa njia ya msitu na nyasi isiyo na theluji, ile ya gramu 160 ingebaki chaguo langu, mradi buti zinapita. Tabaka mbili na nusu hunata kwenye ngozi tupu, ila juu ya taitsi halisumbui. Uzito si adui wa kupuuzwa: suruali nzito ndiyo ambayo watu huiacha kambini siku ya jua, na mvua ya mchana huwakuta mbali.

Kuirudisha suruali kazini

Suruali ya Bi. M. haikutupwa. Tuliifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya nguo za aina hii, tukaisuuza hadi povu likaisha, kisha tena mara moja. Tulitafuta maelekezo ya mtengenezaji badala ya ile lebo iliyokatwa, tukaona yanaruhusu kukausha kwa joto dogo. Joto huiamsha dawa ya juu kama haijaisha kabisa. Matone yalianza kujikunja upande wa chini wa miguu, lakini mapajani na makalioni bado yalitandaa, kwa hiyo sehemu hizo zilipuliziwa dawa mpya. Alichagua isiyo na fluorini. Dawa za aina hiyo hufukuza maji vizuri, ila haziyawezi mafuta na uchafu kama zile za zamani, kwa hiyo ataifua mara nyingi zaidi kuliko alivyozoea.

Mpasuko ulizibwa kwa viraka vya kunata, kimoja ndani na kimoja nje, kona zikiwa zimekatwa mviringo ili zisibanduke. Alitaka fundi amshonee kwanza. Tulimshauri asishone: kila tundu la sindano kwenye utando ni njia ya maji, na ukishashona ni lazima uzibe mshono kwa utepe au gundi. Pindo lilipunguzwa upana kwa kipande cha velkro kilichogundishwa. Inavaliwa sasa kwenye matembezi ya chini, na buti mpya alizonunua, za soli nyembamba kidogo, zinapita kwenye zipu ile fupi kwa kusukuma.